Mashua ya Mashine Iendayo kwa Pondo

Mgeni akija Mkunguni kwa njia ya maji, kabla hajakanyaga mchanga wetu ataona jambo la kumchekesha. Mashua yenye mashine nzima, isiyo na ugonjwa wowote, ikifika ukingoni mwa majani inazimwa. Mashine inainuliwa, mapanga yake yanabaki juu yakichuruzika maji, na mwenye mashua anachukua pondo refu la mkoko na kuisukuma pole pole mpaka ufukweni, kama babu yake alivyosukuma mtumbwi. Wengine hudhani petroli imekwisha. Wengine hunong'ona kwamba hawa watu wa huku nyuma wamenunua kitu wasichokijua. Sisi hatuwajibu. Tunawaacha wacheke mpaka washuke, kisha tunawapakulia samaki, na mdomo uliokuwa unacheka unapata kazi nyingine.

Lakini wewe umeuliza kwa adabu, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Miaka ile bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa. Watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta kazi, kambi zikajaa, na kambi ikijaa inataka kula. Hapo ndipo Alawi alipoona njia. Alawi bin Mohamedi alikuwa mvuvi kama wavuvi wengine, ila yeye alipenda kuwa wa kwanza. Wa kwanza kuvaa saa ya mkononi Mkunguni ni yeye, ingawa wakati tulikuwa tunautazama kwenye maji kama kawaida. Basi akaelewana na msimamizi mmoja wa kazi za bandarini aliyekuwa anarudi kwao, akanunua kwake mashine ya kutundika nyuma ya chombo, akaifunga kwenye mashua yake.

Siku alipoingia nayo, hakuna aliyebaki jikoni. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walijidai wanaikagua. Alawi alishuka ananuka petroli, na inasemekana hakutaka kuoga mpaka Ijumaa, ili walio mbali nao wapate kumnusa. Tuliona fahari, nisikufiche. Mikindani kwenyewe vyombo vya mashine vilikuwa vya kuhesabika, nasi wa huku karibu na mdomo wa Ruvuma tulikuwa nacho chetu.

Sasa, mbele ya kijiji, kabla ya kufika mkondo wenye kina, tuna uwanda mpana wa majani. Si mwani wa kuelea, ni majani yenye mizizi, yameshikana chini kama mkeka. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yakipwa, unatembea humo yakikufika muundini. Wanaume wana kina chao huko nje. Majani ni ya wanawake, tangu bibi zetu. Humo wanatanda kanga kuukuu kushika uduvi, humo wanatega madema yao madogo, na humo ndimo alimo tafi wetu, samaki anayekula majani hayo mpaka ukimpasua tumbo unakuta bustani.

Na katika wanawake wote wenye madema, hakuna aliyejulikana kama Bi Saumu binti Abdulrahmani. Nyumba yake ilikuwa haipungui watu. Ukipita kumsalimu unakuta sinia limeshatandikwa, na ukikataa anakuuliza kama kwake umeona paka amefia. Habari zote za Mkunguni zilipita barazani pake kwanza ndipo zikaenda kwa wenyewe. Heshima yake ilikuwa sinia lile. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake akasema hakushiba, na sinia hilo lilitoka kwenye majani.

Bi Saumu na Alawi walikuwa binamu. Mama yake Alawi alikuwa shangazi yake Saumu, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao ulikuwa wa kufungia baraza. Mtu aliacha safari yake akawasikilize.

Alawi alitaka samaki wake wafike kambini Mtwara wakiwa bado macho maangavu. Kufuata mkondo ni kuzunguka mbali. Kukata katikati ya majani ni moja kwa moja. Akakata. Mara za kwanza mapanga yalijisokota majani, mashine ikakohoa, akashuka na kisu kuyaondoa. Alivyozidi kupita pale pale, majani yaling'oka, ukabaki mfereji wa mchanga mweupe. Mtu aliyepanda mnazini kugema aliuona kama barabara.

Maji yalipokupwa, wanawake wakakuta maajabu. Barabara ile ilijaa samaki. Tafi wadogo, changu, uduvi tele, wote wametapakaa mchangani bila pa kujificha, na wakubwa wamekuja kuwala wadogo. Hakukuwa na haja ya kutanda. Walichota kwa nyungo. Mwasiti, jirani yake Bi Saumu, alichota kwa kilemba cha mumewe.

Tukasema mashine ina baraka. Nani angesema vingine?

Bi Saumu hakukawia. Alimkuta Alawi ufukweni anafuta mashine yake kwa kitambaa, akamsimamia.

"Binamu, barabara yako imepita mbali na madema yangu. Mimi si mtu?"

"Nipite wapi, binamu?"

"Pita pale kwenye mwamba, uje mpaka kwenye kigingi changu. Upasue vizuri, usinikwaruzie."

"Nikipasua utanipa nini?"

"Nitakutafutia mke. Huyo uliye naye ameshakuchoka, anaona haya tu kusema."

Alawi akacheka, akapasua. Mwasiti naye akataka yake. Wengine wakafuata, mpaka uwanda ukawa na barabara nyingi kuliko mji wa Mtwara, kila moja na jina la mwenyewe. Tukafanya na dua. Mwalimu Selemani wa madrasa aliuliza kama inafaa kuiombea mashine, akaambiwa anaombewa mwenye mashine. Akaona hilo lina dalili, akala pilau.

Ni katika neema hiyo ilipokuja posa ya Mwajuma, binti wa Bi Saumu. Waliokuja ni watu wa Mahurunga, wakulima wa bonde la Ruvuma, watu wenye mihogo mirefu na maneno mafupi. Mama wa kijana, Bi Rehema, alitazama nyumba ile iliyojaa watu, akauliza kwa upole kama hao wote watakuwapo siku ya harusi, na watakula nini.

Hapo Bi Saumu akasema maneno ambayo Mkunguni nzima iliyasikia, maana nusu yetu tulikuwa nyuma ya dirisha.

"Mkwe, mje na mihogo yenu mkipenda, mtarudi nayo. Hapa harusi italiwa kwa tafi, na tafi wenyewe wa majani yetu. Ukiona kwenye sinia langu kichwa cha samaki wa kununua, mimi nitavua ushungi nitembee kichwa wazi mpaka Madimba."

Bi Rehema akaitikia, "Haya, mkwe. Tutakuja na njaa."

Harusi iliwekwa baada ya kuvuna mbaazi. Na kila bamvua lililokuja kabla ya harusi, samaki walipungua. Kwanza tulisema upepo. Kisha tulisema mwezi. Mwasiti alisema kuna mtu ana kijicho, akataja na jina, wakanuniana na mwenye jina kwa muda mrefu. Bi Saumu alitega madema yake kwenye barabara yake pana, ile aliyoiomba mwenyewe, akatoa kaa na maji. Akahamia barabara ya jirani, akatoa maji bila kaa.

Siku ya harusi ikafika, watu wa Mahurunga wakaja na ngoma zao, na jikoni kwa Bi Saumu hakukuwa na hata mkia. Alawi alijitolea kumletea samaki wa kina, wa kununua kwa wavuvi wa nje. Bi Saumu akamkatalia. Alikuwa amekula kiapo. Akawapikia wakwe zake mbaazi za nazi na ugali wa muhogo, na mbaazi zenyewe ni zile walizokuja nazo wao.

Bi Rehema alikula kwa adabu, akanawa mikono, akasema kwa sauti ya kutosha chumba kizima.

"Ushungi wako uko salama, mkwe. Kichwa cha samaki wa kununua sijakiona. Wala cha wa bure."

Watu wa Mahurunga walicheka mpaka wakashikana mabega. Sisi tuliangalia mikeka. Bi Saumu alicheka nao, akawamiminia chai, akawasindikiza mpaka njia panda na binti yake mkononi. Aliporudi alikaa barazani pake, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na habari ya kumpa mtu.

Bamvua lililofuata aliingia majini asubuhi na mapema, Mwasiti nyuma yake. Safari hii hakuangalia samaki, aliangalia chini. Barabara zilikuwa zimetanuka. Hakuna aliyezitanua, zilijitanua zenyewe. Kila ukingo ulikuwa umebomoka, mizizi inaning'inia, mchanga unaondoka na kila maji yakitoka, na majani ya jirani yanafuata. Bi Saumu alisuka ukili maisha yake yote, akajua anachokiona.

"Mwasiti, ukikata uzi wa mkeka mahali pamoja, nini kinatokea?"

"Unafumuka."

"Basi tazama."

Palibaki kiraka kimoja kizima, kando ya mwamba, upande wenye mawe makali, ambako Alawi aliogopa kuvunja mapanga yake. Bi Saumu akatega dema moja humo na jingine barabarani. Maji yalipojaa yakapwa tena, la barabarani lilikuwa na ganda la kome. La kwenye kiraka lilikuwa na tafi, wanene, matumbo yamejaa majani. Mwasiti alitaka kupiga kelele za furaha, Bi Saumu akamkataza. Samaki hawakuwa wamerogwa wala hawakuwa wamehama kwa mwezi. Walikuwa wamebomolewa nyumba. Zile siku za neema tulizozifanyia dua, tulikuwa tunaokota watu waliofukuzwa kwao.

Akaenda kwa Alawi, akamweleza. Alawi alisikiliza huku anakaza parafujo.

"Samaki huenda wakarudi, binamu. Hawajafungwa kamba."

"Watarudi walale wapi? Umepasua kila mahali."

"Nani aliniambia nipasue? Si wewe uliyenionyesha na kigingi?"

"Ni mimi. Sikatai, na nitasema hivyo mbele ya watu. Lakini sasa nakwambia uache."

Alawi akaweka bisibisi chini. "Nikizunguka mkondo, samaki wangu watafika Mtwara wamelegea. Nikiinua mashine nikashika pondo, watu watasema Alawi amefilisika. Mimi mtu wa mashine. Utanirudisha kwenye mti kama mtoto wa mtumbwi?"

Akafuta mikono, akaondoka. Kesho yake akapita majani kwa kasi zaidi.

Hapa ni lazima nikueleze jambo, kama kwenu hawana. Mtani wako akishika kitu chako, hukichukui kwa nguvu. Unakikomboa kwa atakalo. Na ukikasirika umekwisha, maana kisa chako kitasimuliwa mpaka kwenye matanga yako.

Siku moja asubuhi, mashua ikiwa imeelea palipo na maji kidogo, Alawi alishuka na debe lake la petroli, akamkuta Bi Saumu ameketi katikati ya mashua juu ya mkeka. Mbele yake kuna jiko la mkaa, birika linachemka, na sinia la mihogo ya kuchemsha.

"Karibu chai, binamu," alisema.

"Shuka, Saumu, nimechelewa."

"Nimeishika. Ni yangu mpaka uikomboe."

Alawi akaangalia nyuma. Ufuko ulikuwa umeshajaa. Mwasiti akapanda mashuani na kikombe chake. Wengine wakafuata, na watoto wachanga mgongoni, na kila mmoja alikuwa na la kusimulia, mpaka mashua ikawa baraza lenyewe. Mtu mmoja akamwomba Alawi sukari. Mkewe Alawi naye alipanda, akakaa pembeni ya Bi Saumu, akasema amesikia anatafutiwa mwenzake, amekuja kumwona. Hapo ufuko mzima ulivunjika mbavu.

Alawi alisimama na debe lake. Uso ulianza kuvimba, tukaona. Kama angesema neno moja la hasira, mashine ile ingekuwa mzigo kwake maisha yake yote. Akashusha pumzi.

"Haya. Naikomboa kwa nini?"

Bi Saumu akasimama, na watu wakanyamaza, kitu kisichotokea mara nyingi Mkunguni.

"Kwanza, wote wasikie. Aliyekuonyesha pa kupasua ni mimi, kwa kigingi changu. Mmekula aibu ya harusi pamoja nami, na aibu ile nimeipika mwenyewe. Kwa hiyo barabara yangu ibaki. Iwe njia ya vyombo vyote, na mahali pangu pa kutega nimepatoa. Barabara nyingine zote zifungwe. Na kwenye hiyo moja, mashine inainuliwa, maana maji inayoyatupa nyuma ndiyo yanayobomoa kingo. Unapita kwa pondo. Ukikubali, nashuka. Ukikataa, mihogo ipo ya kutosha mpaka Ramadhani."

Watu wakaguna. Mahali pa kutega pa mwanamke hupewa binti yake, hapatolewi hivi hivi. Alawi alijua. Akamwambia mkewe amletee pondo la marehemu baba yake, lililokuwa limelala darini.

Lakini Bi Saumu hakushuka. Alisema fidia huonekana kwanza. Basi Alawi akainua mashine, akashika pondo, akasukuma mashua yenye wanawake, jiko na birika. Alilikita pondo kwa nguvu za mtu wa mashine. Likanasa. Mashua ikaendelea na safari, Alawi akabaki ananing'inia juu ya pondo kama ndizi, kisha taratibu akateremka majini na saa yake ya mkononi.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Alawi alipoinuka, majani kichwani, naye alikuwa anacheka.

"Usilikite," Bi Saumu alimwambia, akimshika mkono kumpandisha. "Liguse. Unagusa mchanga, unatembea. Baba yako alipita hapa samaki asigeuze kichwa."

"Baba yangu hakubeba nyumba nzima ya Saumu."

Alijaribu tena. Alipofika kwenye mwamba alikuwa ameshaanza kupata mkono, na alipogeuza kurudi, wazee waliosimama ufukweni walisema kimya kimya kwamba ni mgongo wa Mohamedi ule, ni yeye yule. Alawi alisikia. Sikio lake kwa sifa halikuwahi kuziba.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akipita majani kwa mashine. Alianza kuondoka mapema ili awahi kambini, na watu wa Mtwara walipomtania kwamba amerudi kwenye mti, aliwaambia mashine mtu yeyote anaweza kuiendesha, waje waonje pondo. Wakaja vijana wawili wa bandarini siku ya mapumziko. Wote waliloa.

Majani hayakurudi upesi. Yalianza yale membamba, kama nywele za mtoto. Yakashika mchanga. Baadaye yakaja mapana katikati yake, kingo zikaacha kubomoka, na barabara zikaanza kuziba kama kidonda kinavyofunga. Wanawake walipita kando, hawakuyakanyaga. Mwasiti alipatana na yule mwenye kijicho, ingawa hakumwomba radhi, alimpelekea maandazi tu.

Mwaka wa pili, Mwajuma alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Akapata mtoto wa kike. Arobaini ilipokaribia, habari ilipelekwa Mahurunga, na Bi Saumu hakuongeza kiapo chochote. Alisema tu waje.

Wakaja kwa miguu mpaka ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, na mbuzi wa akika na mihogo yao. Alawi akaenda kuwachukua. Mashua ilikuja inanguruma mkondoni, watu wa Mahurunga wameshika kofia zao. Ilipofika kwenye vigingi vya njia, ikanyamaza. Alawi akainua mashine, akasimama juu ya tezi, kule nyuma ya mashua, akachukua pondo.

Bi Saumu alikuwa amekwenda naye kuwapokea, ameketi bega kwa bega na Bi Rehema.

"Mkwe," Bi Rehema alisema, "mashine imemfia binamu yako?"

"Haijafa. Imeinuliwa. Tunapita juu ya chakula chako, tusikikanyage."

Bi Rehema aliinama akatazama majini. Pande zote mbili za njia majani yalikuwa yamesimama, marefu, yanakwenda na maji yote kwa pamoja. Kundi la tafi lilitoka, likaona kivuli cha mashua, likarudi ndani, na majani yakafunga nyuma yake kama pazia. Kisha kundi jingine. Bi Rehema alikuwa mkulima, anajua shamba lililoshiba akiliona. Karibu na ufuko akainua kichwa.

"Kumbe nanyi mnalima."

"Hatulimi, mkwe," Bi Saumu alisema. "Shamba tunaliacha."

Siku ile sinia lilirudi jikoni likatoka tena, likarudi, likatoka. Tafi wa kuchoma, tafi wa nazi, na mbuzi wao pembeni kwa heshima. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za Mwasiti. Bi Rehema alikula mpaka akasogea ukutani. Alipouliza kama anaweza kubeba wawili watatu wa kupeleka Mahurunga, Bi Saumu alikuwa ameshawafunga kwenye kitumba, kikapu chake cha ukindu, vichwa vyote viko juu, ili njia nzima waone.

Nje, Alawi alikuwa anawaonyesha wanaume wa Mahurunga namna ya kugusa mchanga. Mmoja alikuwa ameshaanguka.